Kamba ya kupandia iliyoishia kuanikia nguo

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ugani, huu mwaka wangu wa tatu kazini. Tumeletewa agizo kwamba kila shughuli izingatie usawa wa kijinsia, na fomu ya ripoti sasa ina kisanduku cha wanawake na kisanduku cha wanaume. Nimejitahidi, semina ya mwisho wanawake walizidi nusu. Ila nikipita mashambani sioni tofauti, wanawake wenyewe semina nzima hawaongei, na wanaume wengine wameanza kulalamika kwamba nawaharibia wake zao. Hii jinsia naiingizaje kwenye kazi ya ugani isiwe kujaza fomu tu? Naanzia wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kwenda shambani ukaangalia, manake wengi wetu tukishajaza kile kisanduku tunafunga faili, ripoti inapanda juu, bosi anafurahi, basi.

Ngoja nikupe kisa changu mwenyewe, aibu yake nilishaizoea. Nilipokuwa mgeni kazini niliendesha mafunzo ya kupanda mahindi kwa mstari na nafasi. Nikamwambia kiongozi wa pale aniitie wakulima, naye akaita wale anaowaona yeye ndo wakulima, wakaja wanaume karibu wote. Darasa lilinoga kwelikweli, kila mtu akaondoka na kamba yake yenye mafundo ya kuonyesha shimo liko wapi, nikiuliza nafasi ya shimo hadi shimo wananijibu kwa pamoja kama kwaya. Mvua zikanyesha nikaanza kuzunguka, mistari imepinda kama njia ya mlevi. Shamba la kwanza nakuta mama anapanda, anapiga jembe, anarusha mbegu tatu, anafukia kwa unyayo, anasogea hatua moja. Nikamuuliza mama, kamba iko wapi? Akanionyesha kwa kidevu upande wa nyumbani. Kamba yangu imefungwa kutoka mti huu hadi mti ule, imeanikwa nguo za watoto, na akanisifia kabisa kwamba yale mafundo yanasaidia, nguo haziserereki upepo ukija. Yeye alijua mumewe kaileta kwa kazi hiyo.

Sasa yule mume hakuwa mtu mbaya, wala hakumficha mkewe kitu. Kwake yeye kupanda ni kazi inayofanyika tu, siyo kitu ambacho watu wanakaa kukiongelea. Somo lilikuwa kwa mwanaume na jembe lilikuwa kwa mwanamke, na mimi nilidhani vitakutana vyenyewe huko nyumbani.

Hapo ndo pa kuanzia. Kila kazi ya shamba ina maswali matatu, nani anaifanya, nani anaiamua, na nani anashika pesa yake, na mara nyingi majibu ni watu tofauti. Ugani wetu unampelekea mmoja maarifa halafu unashangaa. Na mtego uko pande zote mbili, wewe umejaza wanawake semina ukafundisha kununua mbegu bora na mbolea ya kukuzia, vizuri, ila kama pesa ya pembejeo iko kwa baba ambaye hakuwepo, mama amerudi na elimu isiyo na mfuko. Nahisi sehemu kubwa ya hiyo "sioni tofauti" yako iko hapa.

Halafu kuna kitu kwenye lugha yetu yenyewe ambacho watu wa ugani hatukizungumzii. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, kwa hiyo ukiandika "mkulima ameelimishwa, mkulima ataamua" sentensi inapita laini kabisa na hakuna anayeona kwamba yule mkulima wa kwanza na yule wa pili ni watu wawili, mke na mume. Kwenye lugha zingine mwandishi analazimika kuchagua, sisi tunaweza kuficha bila hata kujua tumeficha. Jaribu siku moja kuichukua ripoti yako ya mwaka jana, kila palipoandikwa mkulima uandike ni nani hasa, utashangaa mara ngapi kalamu inasimama.

Kuhusu namba za kuweka kwenye ripoti kuwashawishi wakubwa, chunga sana ile ya "wanawake wanazalisha asilimia 60 hadi 80 ya chakula". Imezunguka miaka na miaka ila haina msingi, FAO wenyewe, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao kubwa ya 2011 waliikagua wakasema haithibitiki, ukiangalia nguvukazi wanawake ni kama asilimia 43 ya wanaofanya kilimo nchi zinazoendelea, na inatofautiana sana nchi na nchi. Ripoti hiyohiyo ndo yenye hoja nzuri zaidi kwako, kwamba wanawake wangepata pembejeo, mikopo na huduma sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30. Ripoti yao mpya ya 2023 inasema ukilinganisha mashamba ya ukubwa uleule, yale yanayosimamiwa na wanawake yanazalisha pungufu kwa kama asilimia 24. Na usije ukaisoma hiyo kama vile wanawake hawajui kulima. Kuna uchambuzi wa mchumi Christopher Udry wa 1996 kutoka Burkina Faso, alilinganisha mashamba ya mke na ya mume ndani ya kaya moja, zao lilelile, mwaka uleule, ya wanawake yakawa chini kwa kama asilimia 30, na alipofukua sababu akakuta samadi karibu yote inakwenda kwa mume na nguvukazi nyingi inakwenda hukohuko. Yaani wangehamishia kidogo tu ile samadi upande wa pili, kaya nzima ingevuna zaidi bila kununua chochote. Hii ndo namba ya kumwambia baba mwenye nyumba, siyo zile za haki za binadamu, ingawa za haki nazo zipo, mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, wa 1979 kifungu cha 14 kinazitaja huduma za ugani kwa jina kabisa kama haki ya mwanamke wa kijijini.

Haya, kwa vitendo sasa. Chagua zao moja tu, usijaribu kubeba dunia nzima msimu mmoja. Chora kalenda yake tangu kuandaa shamba, kuchagua mbegu, kupanda, palizi, kupulizia dawa, kuvuna, kukausha, kuhifadhi, kuuza, hadi pesa kuingia mfukoni. Kaa na wanawake peke yao wakuambie kila hatua nani anafanya nani anaamua, siku nyingine kaa na wanaume peke yao wakuambie hivyohivyo. Halafu ziweke kalenda mbili pamoja mbele ya wote. Hapo usiongee, nakuomba, wewe nyamaza tu. Mara nyingi huwa kuna hatua ambayo pande zote mbili zimeandika "sisi", mara nyingi ni ya mbegu za kuhifadhi, na nyingine ambayo kila upande umesema ni ya wale. Mabishano yatakayotokea pale ni darasa kuliko lolote utakaloandaa kwa makaratasi.

Zoezi la pili ni la saa 24, kila kundi lichore siku yake ya msimu wa palizi tangu kuamka hadi kulala. Wanaume huwa wanamaliza haraka. Wanawake wanachora, wanafuta, wanaongeza, mmoja anakumbuka maji, mwingine anakumbuka mgonjwa wa nyumbani. Niliwahi kuona kundi la wanaume linaanza kwa kucheka, wanasema hao wanatia chumvi, mpaka mzee mmoja pale akasema hapana, saa kumi usiku mimi huwa nageuka upande wa pili nalala, yeye anakuwa ameshatoka, hilo ni kweli. Kicheko kikaisha chenyewe.

Baada ya hapo kila somo lako unalipitisha kwenye ile kalenda. Nichukue mfano wa viuatilifu maana hapa watu wanaumia kimyakimya. Tunasema kupulizia ni kazi ya wanaume, bomba la mgongoni la lita 16 likijaa maji ni kilo 16 na uzito wake lenyewe juu, kwa hiyo mafunzo ya dawa tunaita wanaume, tunawafundisha glavu, barakoa, mwelekeo wa upepo. Sawa. Ila nani amechota yale maji? Nani atafua ile shati yenye dawa, pengine kwenye beseni moja na nguo za mtoto, mtoto mwenyewe yuko mgongoni? Nani ataingia palizi kesho yake asubuhi wakati lebo ya dawa inataka watu wasikanyage shamba kwa muda fulani? Na kopo tupu linakwenda wapi, si linageuka la kuhifadhia vitu vya jikoni? Wote hao hawakuwa darasani. Kwa hiyo ukiniambia somo la dawa halina jinsia ndani yake mimi nakukatalia, pengine ndilo lenye jinsia kuliko yote.

Hivyohivyo kwenye aina za mbegu. Sisi tunaangalia mavuno kwa hekta tunamaliza. Waite wanawake kwenye shamba darasa wakati wa kuvuna, usikie, watakuuliza inapukuchuka kirahisi au inatoa malengelenge mikononi, inabunguliwa upesi ghalani, inaiva kwa kuni ngapi. Mbegu nyingi zilizokataliwa na "wakulima wagumu kubadilika" zilikataliwa jikoni, na jikoni hatukuwahi kwenda kuuliza.

Muda na mahali, hili fupi. Semina ya kutwa nzima mbali na nyumbani inamchuja mwanamke kabla hata hujafungua mdomo. Waulize wao saa ipi, kata somo liwe la saa mbili mbili, liwe karibu, watoto wadogo wapate pa kukaa na mtu wa kuwaangalia. Na masharti ya kujiunga kikundi yapitie tena moja moja, kama mnadai mwanachama awe na ardhi kwa jina lake au awe mkuu wa kaya basi mmeshafunga mlango halafu mnauliza mbona hawaingii. Hapohapo kuna kosa lingine la kawaida, mtu anahesabu wajane na wanawake wanaoongoza kaya zao anadhani kamaliza wanawake. Wanawake wengi wanaolima wako ndani ya kaya zenye mume, na hali yao ni tofauti kabisa na ya mjane, mjane anaamua mwenyewe ila hana mikono ya kazi, huyu mwingine mikono ipo ila uamuzi hana.

Simu nayo usiisahau. Namba uliyonayo kwenye orodha kwa jina la mama angalia ni ya nani kweli, mara nyingi ni ya baba au ya kijana wa kwanza, ule ujumbe wako wa hali ya hewa unasomwa na mtu aliye safarini.

Sasa hili la wanawake kutoongea semina. Usimnyooshee kidole mmoja "wewe mama huko nyuma una swali?", umemuua. Angalia kwanza wamekaaje, wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma chini kwenye mkeka wenye watoto, hapo hata mimi ningenyamaza. Pangua ukaaji, twende wote shambani, shambani hakuna mbele na nyuma. Ukiuliza swali wape dakika mbili waongee wawili wawili kwanza, kisha jibu litolewe kwa niaba ya wawili. Mwanzoni gawa makundi ya wanawake na ya wanaume, wakishazoea ndo unachanganya. Na kitu kidogo ambacho kimenisaidia sana, acha mikono ya wanawake ishike kifaa. Semina nyingi ukiangalia anayejaribu mashine, anayeshika bomba, anayepima kwa futi ni mwanaume, mwanamke anatazama. Mtu aliyetazama haulizi. Aliyeshika, ikamkwamia mkononi, huyo atauliza bila kuombwa.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuajiri maafisa ugani wanawake na kuchagua wakulima wawezeshaji wanawake, yaani wakulima wanaofundisha wakulima wenzao. Nakubali, wachache mno mpaka leo, hata jina lenyewe mtaani ni "bwana shamba" na ukiwa mwanamke wanakubadilishia linakuwa "bibi shamba" kama vile ni kazi nyingine. Ila usiishie hapo. Malawi walifanya utafiti wakakuta wakulima wawezeshaji wanawake walijifunza na kukumbuka mbinu vizuri sawa na wanaume, tatizo likawa kwa wenzao wa kijijini, waliwaona hawana uwezo na hawakuwasikiliza kwa makini vilevile. Maana yake ukimchagua mama mwezeshaji halafu ukamwacha peke yake umemtupa. Simama naye hadharani, mwalike mkubwa wa kijiji atembelee shamba lake, maswali ukiulizwa wewe mbele yake sema "hilo muulizeni yeye, ndiye mtaalamu wa hili". Shamba lenyewe likishaonekana kutoka barabarani, maneno yanapungua.

Haya, wanaume wako wanaolalamika. Kwanza usiwadharau, wameona kitu cha kweli, wamewekwa nje. Ukija na semina ya wanawake tu, mwanaume anabaki nyumbani anajiuliza huko wanafundishwa nini. Mimi nikishamaliza yale makundi mawili nawaita mke na mume pamoja, na mada haiitwi jinsia wala usawa, inaitwa mpango wa kaya. Wachore wanataka nini baada ya miaka miwili, bati, ada, ng'ombe, chochote, kisha warudi nyuma waangalie kazi zimegawanywaje na pesa ya mavuno inaamuliwaje. Baba akiona mwenyewe kwamba palizi imechelewa wiki mbili kwa sababu mkono uliopalilia ulikuwa mmoja na huohuo unachota maji, anapiga hesabu ya magunia yaliyopotea bila mimi kumhubiria. Na wale wazee wawili watatu wanaosaidiana na wake zao waziwazi, watumie, mwanaume anamsikia mwanaume mwenzie kuliko anavyokusikia wewe na fulana yako ya mradi.

Ila kuna nyumba ambazo mambo siyo ya kuchekewa. Pesa ikianza kuingia mikononi mwa mama, kuna mahali ugomvi unaongezeka, hata vipigo. Ukiona dalili usijifanye msuluhishi wa ndoa, wewe ni mtu wa ugani, jua mapema ustawi wa jamii wako wapi na nani anapokea kesi hizo, na usimsimamishe mama aeleze mambo ya nyumbani mbele ya watu ili tu upate ushuhuda mzuri wa ripoti. Nimeona hilo likifanyika na sikulipenda.

Kingine ambacho wataalamu tunakosea kila siku ni kuongeza kazi. Tunapenda mbinu bora, kupandikiza kwa mstari, palizi mara tatu, mboji, zote nzuri, ila kila moja ina masaa na masaa yale kwa kalenda yako ni ya nani? Kabla hujapendekeza mbinu jiulize kama inakuja na kitu cha kupunguza kazi, kipalizi cha kusukuma, mashine ya kupukuchua, maji karibu. Na kifaa kikija kiwe cha kumfaa mtumiaji, mpini ulioundwa kwa mtu mrefu unamuumiza mgongo mfupi. Halafu angalia upande wa pili pia, zao la mama likianza kupata soko zuri mara nyingi linahama linakuwa la baba, taratibu tu, mwaka huu anasaidia kupeleka sokoni, mwakani anapokea malipo. Kwa hiyo kikundi kikipata mnunuzi wa kueleweka, jina la anayelipwa na akaunti inayopokea ni suala la ugani pia, siyo la mhasibu peke yake.

Fomu yako sasa. Vile visanduku viwili vijaze, usigombane na bosi, ila beba daftari lako mwenyewe la pembeni. Mwaka huu chukua kaya kama 20 tu, andika nani amehudhuria, nani ametumia mbinu mkononi, nani aliamua itumike, na pesa ya mauzo iliamuliwa na nani. Rudi msimu ujao uwaulize tena, mke kivyake na mume kivyake, kwa sababu ukiwauliza pamoja watakwambia "tunaamua wote" na utaandika wote, ukawa umerudi kulekule kwa mkulima asiye na sura. Mimi nikiuliza kivyakekivyake majibu hayafanani, na ile tofauti ya majibu ndiyo naifuatilia.

Semina ijayo usitangaze tarehe kwanza, kaulizie palizi inaanza lini. Na ukishapata zile kalenda mbili nitumie nizione, hasa mistari ya mbegu na ya kuuza, hapo huwa pana mengi.